Kikundi cha watano, kalamu ya mmoja

Swali: Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja cha ufundi hapa Tanzania. Nafundisha saketi za umeme kwa wanafunzi 140 wa mwaka wa kwanza wa uhandisi. Tumeagizwa tuwajengee fikra tunduizi kwa njia ya kujifunza kwa ushirikiano. Nimewapanga watano watano, na kila baada ya wiki mbili nawapa maswali kumi. Kazi zinarudi safi kabisa, lakini kwenye mtihani nikigeuza swali kidogo tu, darasa zima linazama. Nakosea wapi?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, ugonjwa uko kwenye hizo hizo kazi zinazorudi safi. Maswali kumi kwa watu watano ni mawili kwa kila mmoja. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza wanayoipiga, kabla hata ya kufungua daftari, na wanaipata. Tena hapo kikundi kina bahati. Kikikosa bahati, kinakuwa na kipanga mmoja, yule mwenye akili darasani, anayekesha na maswali yote kumi, asubuhi wenzake wanadesa, yaani wananakili, na jina la tano linaongezwa mlangoni pa ofisi yako. Tunapenda kuwaambia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Kwenye vikundi vyako kidole kimoja ndicho kinachovunja, vinne vinatia sahihi.

Siwalaumu. Mtu aliyevuka kwa kukariri tangu shule ya msingi hadi kidato cha sita, ukimpa kazi inayogawanyika, ataigawa. Nami niliigawa nilipokuwa mwanafunzi, na nilipopewa darasa nikatoa kazi za aina ile ile kwa miaka, nikishangaa kama unavyoshangaa wewe leo.

Kijana hafikiri zaidi kwa sababu amekaa karibu na mwenzake. Anafikiri pale anapokuwa na hakika na jibu, akamkuta mwenzake ana hakika na jibu jingine, na wote wawili wakakatazwa kusema "ndivyo mwalimu alivyofundisha". Kwa hiyo acha kutafuta maswali mengi. Tafuta machache yatakayowagombanisha. Nikupe moja lililomo ndani ya somo lako.

Chora saketi tatu ubaoni. Betri zote ni za aina moja na ni nzima, balbu zote tano zinafanana. Saketi ya kwanza ina balbu moja, A. Ya pili ina mbili kwa mfuatano, B na C, moja nyuma ya nyingine kwenye njia moja. Ya tatu ina mbili sambamba, D na E, kila moja na njia yake kutoka kwenye betri. Waambie wazipange, kuanzia inayowaka sana hadi inayofifia. Hakuna namba yoyote ya kuchomeka kwenye kanuni. Lillian McDermott na Peter Shaffer wa Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle, walichapisha mwaka 1992 matokeo ya swali hili kwa wanafunzi wa fizikia wa chuo kikuu. Waliolipata walikuwa karibu 15% tu. Jibu, kama unavyojua, ni kwamba A, D na E zinawaka sawa, na B na C zinalingana zikiwa hafifu.

Sasa sikiliza kikundi kimoja cha watu watatu, safu ya nyuma, kama ninavyokikumbuka:

"B inawaka kuliko C. Umeme unaanzia kwake, C inapata mabaki."

"Mabaki ya nini?"

"Ya umeme. B si imeshakula?"

"Haya, nikigeuza betri, anayekula kwanza ni nani?"

"Basi C."

"Na mkondo tunauchora unatoka chanya, elektroni zenyewe zinatoka hasi. Sasa nani yuko mbele kwenye foleni?"

Yule wa kwanza alinyamaza, akaichukua karatasi, akafuta. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao na sikufungua mdomo. Ningeweza kueleza jambo lile kwa dakika moja, wote wangeandika, na kwenye pepa B ingeendelea kula.

Utaona neno lililomponza: kula. Sisi tunasema pasi inakula umeme, friji bovu linakula umeme, na uniti zikiisha kwenye LUKU tunasema umeme umekwisha. Kwa mtu aliyelipia uniti maneno hayo hayana kosa, maana anachonunua ni nishati, na nishati kweli inatumika. Mwanafunzi anauhamisha usemi huo mzima mzima kwenye mkondo, na mkondo hauliwi: ampia zinazoingia kwenye balbu ndizo zinazotoka. Hilo huwezi kulinasa kama mjadala wote unaendeshwa kwa Kiingereza cha kwenye madesa, yaani notsi za mihadhara, kwa sababu hapo mwanafunzi anarudia sentensi ulizompa wewe. Ruhusu wagombane kwa Kiswahili, kisha waandike hitimisho kwa Kiingereza kwa ajili ya mtihani. Najua kuna wakuu wa idara wasiopenda kusikia Kiswahili kwenye ukumbi wa mihadhara. Mimi ningevumilia kununiwa.

Baada ya mabishano, washa balbu kweli. Hapa nikuambie aibu yangu. Mara ya kwanza nilinunua betri kavu za bei rahisi. Nikaunganisha D na E sambamba, zikawaka hafifu kuliko A, mbele ya darasa zima. Wale waliokuwa wakishikilia kwamba umeme wa betri moja lazima ugawanywe kwa balbu mbili walishangilia kama wamefunga goli. Nikasema, "Betri mbovu hizi, zipuuzeni." Binti mmoja akauliza, "Mbovu kivipi, mwalimu, wakati A inawaka vizuri?" Sikuwa na pa kukimbilia. Tukachukua multimita: betri mbili zisizo na mzigo zilisoma volti 3, tukiwasha balbu moja 2.7, tukiwasha mbili 2.4. Kila ampia zilipoongezeka, betri yenyewe ilikuwa inabaki na sehemu ya volti tumboni mwake. Ukinzani wa ndani wa betri ulikuwa kwenye mhadhara wa wiki ya saba. Waliufikia wiki ya pili, tena kwa kuutafuta.

Utaratibu wa kuendesha swali la namna hii kwenye ukumbi wa watu 140 si mgumu. Eric Mazur wa Harvard alianza kuutumia kwenye fizikia mwaka 1991. Unauliza, kila mtu anafikiri peke yake dakika moja au mbili, anachagua jibu, ndipo anazungumza na jirani aliyechagua tofauti, kisha wote wanapiga kura tena. Huna haja ya vifaa. Wanaonyesha vidole kifuani, macho wamefumba ili wasimtazame kipanga. Mimi naongeza sharti: kabla ya kusema neno, andika jibu lako kwa peni. Asiyeweka jibu lake kwanza hataona kwamba alikuwa amekosea. Atatikisa kichwa na kusema ndivyo alivyokuwa anafikiri. Na angalia kura ya kwanza. Wakiwa wamepata chini ya theluthi, usiwaachie wajadili, watashawishiana upotofu. Rudi ufundishe kidogo. Wakiwa wamepata karibu wote, songa mbele.

Kuna utafiti mdogo unaogusa kabisa swali lako. Mwaka 1995 Anuradha Gokhale, wa Western Illinois University, aliwagawa wanafunzi 48 waliokuwa wakisoma saketi za mfuatano na sambamba. Nusu walifanya karatasi ya maswali kila mtu peke yake, nusu kwa vikundi. Kwenye maswali ya kurudia hesabu walizozoea, pande mbili zilifanana. Kwenye maswali ya kufikiri, waliojadiliana waliwaacha wenzao. Ni darasa moja la watu wachache, usiligeuze kuwa Msahafu. Lakini linganisha na pepa yako: kama maswali yako ni ya kuchomeka namba, utaweza kuvunja mgongo kwa vikundi muhula mzima na matokeo yasisogee hata nukta, kwa kuwa hukupima ulichofundisha.

Sasa kuhusu watano. Punguza wawe watatu. Patricia Heller na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, waliojaribu jambo hili kwenye fizikia na kuchapisha mwaka 1992, walikuta watatu ndio wanaofaa: wawili wakikwama hakuna wa kuwakwamua, wanne mmoja anaanza kuchati. Waliona pia kwamba msichana mmoja akiwekwa na wavulana wawili, wavulana hutawala mazungumzo hata pale ambapo yeye ndiye mwenye uwezo kuliko wao. Kama darasa lako lina wasichana wachache, usiwasambaze mmoja mmoja ili kila kikundi "kipambwe". Waweke wawili wawili. Wala usiwaache wanafunzi wajichague, kwani marafiki hawapendi kupingana na vipanga hutafutana. Panga wewe, kwa matokeo ya jaribio la kwanza, na uwaache pamoja wiki tano au sita.

Ndani ya watatu hao kila mmoja ana kazi, na kazi zinazunguka. Mmoja anaongoza, mmoja anaandika, wa tatu ana wajibu wa kutokubali. Huyu wa tatu ndiye muhimu. Kwetu kijana wa miaka kumi na tisa hamkosoi hivi hivi kaka aliyefika chuoni akiwa na leseni ya ufundi na miaka minane kazini. Atanyamaza kwa heshima, na heshima hiyo inazika hoja nzuri. Ukimpa kazi ya kukosoa, anapata ruhusa: si mimi, kaka, ni zamu yangu. Mwanzoni nilimwita mpinzani, wakacheka na kuanza kuigiza bungeni. Sasa namwita mkaguzi.

Maswali ya dakika kumi kama la balbu yanatosha kwa kila wiki. Kwa kazi kubwa, mara mbili au tatu kwa muhula, toa kitu kisichokatika vipande. Hiki ninacho, kichukue kilivyo:

"Mzee mmoja amechimba kisima shambani kwake, mita 150 kutoka kwenye mita ya LUKU. Amenunua pampu ya kilowati 1.5 ya fezi moja. Fundi amemvutia waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5. Pampu inanguruma, haizunguki, baadaye swichi inakata. Fundi anasema pampu ni mbovu. Mwenye duka anasema umeme wa kijijini ni mdogo. Mzee ana fedha ya kurekebisha kitu kimoja tu. Mwambieni arekebishe nini, na mwambieni mtajuaje kama mmekosea."

Hebu jaribu kuwagawia watatu kazi hiyo. Haigawanyiki, kwa sababu kila kipande kinasubiri kingine. Ukinzani wa waya, kwa shaba yenye ukinzani wa omu 0.0175 kwa kila mita ya waya wa milimita moja ya mraba, vikundi vingi huupata nusu, maana wamesahau kwamba umeme unaokwenda mita 150 lazima urudi mita 150. Mkaguzi akiwa macho wanafika omu 2.1. Pampu ikizunguka inavuta kama ampia 11, kwa hiyo volti 23 hivi zinapotea njiani: 10% ya 230, wakati kiwango kinachozoeleka kuruhusiwa ni 5%. Hapo vikundi vingi hufunga daftari na kuandika "waya ni mwembamba".

Wamalizie hivyo? Nenda ukawaulize: mota yenye upungufu wa 10% kwa kawaida si inaanza, ingawa kwa shida? Hii mbona haianzi kabisa? Wanakwama tena. Mmoja anakumbuka kwamba mota ikianza huvuta labda mara tano ya kawaida. Wanarudia hesabu, na wanakuta kwenye mota kunafika volti 150 hadi 170, kutegemea walivyokisia. Nguvu ya kuzungusha hufuata mraba wa volti, kwa hiyo imebaki kama nusu. Sasa hoja ya waya ina meno.

Kisha anatokea mtu aliyekulia gereji. Anasema pampu ya fezi moja ikifa kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza, inanguruma hivyo hivyo na haizunguki. Na ni kweli! Dalili moja, magonjwa mawili, na fundi aliyebezwa na darasa zima huenda ndiye aliyekuwa sahihi. Hesabu zote za waya haziwezi kuamua. Hapa ndipo sehemu ya mwisho ya swali, ile wanayoiruka, inapowashika: mtajuaje kama mmekosea? Kikundi kimoja kiliniandikia mistari miwili ambayo sijapata kusoma bora kuliko hiyo. Ing'oeni pampu, ileteni pale kwenye mita, iunganisheni kwa waya mfupi huo huo wa 2.5 kwenye pipa la maji. Ikizunguka, nunueni waya mnene. Isipozunguka, pimeni volti pale pale kwenye mita wakati inanguruma, zikiwa zimeporomoka mwenye duka alisema kweli, zikiwa nzima fungueni kapasita. Jaribio lenyewe halimgharimu mzee zaidi ya jasho.

Wakikuletea jibu la programu ya akili mnemba, lipokee. Liwe mwanakikundi wa nne, mkaguzi alikague kama anavyowakagua wengine.

Wenzako wa ujenzi wakikuuliza wao wafanye nini, waelekeze Kansas City, Marekani, tarehe 17 Julai 1981. Ndani ya hoteli ya Hyatt Regency madaraja mawili ya kupitia watu, la ghorofa ya nne na la ghorofa ya pili chini yake, yalianguka juu ya watu waliokuwa kwenye dansi. Walikufa 114. Mchoro wa awali uliyaning'iniza yote mawili kwenye nondo zile zile ndefu. Watengenezaji wa chuma waliomba nondo ndefu zikatwe ziwe fupi mbili, la chini lining'inie kwenye boriti za la juu, na badiliko likapitishwa. Nati iliyo chini ya boriti ya ghorofa ya nne ikawa inabeba madaraja mawili badala ya moja. Waonyeshe michoro yote miwili, usiseme kilichotokea, waulize tu nati ile inabeba nini sasa. Inachukua dakika tano za hesabu ya kidato cha nne, na kule hakuna aliyeipiga. Kila upande uliamini kiungio kile kimekaguliwa na upande mwingine. Nao walikuwa kikundi, tena chenye mihuri.

Alama nazo zitakuharibia usipoziangalia. Karatasi ya kikundi iwe moja na alama yake moja, lakini wakati wa kuitetea mchague wewe atakayesimama, papo hapo, na alama ya anayesimama ni ya wote. Utaona kipanga anavyoanza kuwafundisha wenzake usiku kabla. Kisha wiki inayofuata toa jaribio fupi la mtu mmoja mmoja lenye swali lililogeuzwa: kisima kimehamia mita 60, pampu ni ile ile, je, ushauri wenu unabaki? Mimi nagawa theluthi kwa kikundi, theluthi mbili kwa mtu mwenyewe. Na usiwapange kwa ushindani, kwamba ni kumi tu watakaopata A, kwa kuwa hapo anayemsaidia mwenzake anajichimbia.

Watakulalamikia. Watasema hufundishi, umekaa tu unawauliza. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walipima jambo hilo: wanafunzi waliofundishwa kwa kujadiliana walijifunza zaidi, na wakati huo huo walihisi wamejifunza kidogo kuliko wale waliosikiliza mhadhara mtamu. Waeleze hivyo siku ya kwanza, wazi. Kwa mkuu wako wa idara peleka namba nyingine: mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walijumlisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi, na walioshindwa somo kwenye mihadhara mitupu walikuwa karibu 34%, dhidi ya karibu 22% pale wanafunzi walipofanyishwa kazi darasani. Kwenye chuo ambako sapu (kurudia mtihani) na disko (kuondolewa chuoni kwa kufeli) ndiyo habari ya kila muhula, tofauti hiyo inasikika.

Mtalaa hutaumaliza kwa mwendo wa zamani, hilo ujiandae nalo. Yale ya kusoma tu wape mapema wakasome. Wala si kila kitu kijadiliwe. Namna ya kushika multimita, rangi za waya, kukata umeme na kuhakikisha umekatika kabla ya kugusa: hayo sema wewe, wafuate. Sitaki kikundi cha watu watatu kipige kura kama waya una umeme au hauna.

Anza na balbu wiki hii. Tumia za indiketa ya pikipiki, zile za volti 12 zenye waya ndani, maana tochi za siku hizi karibu zote ni LED na hazitakuonyesha kitu. Betri azima ya bodaboda yeyote aliyeegesha getini, iliyochajiwa. Zile kavu ziweke kwenye mkoba, uzitoe wiki ya pili.